Kabla ya Bongo Movie Kulikuwa na Vugiri: Watu wa Korogwe na Handeni Walioibeba Sanaa Bila Kutajwa

Simama stendi ya Korogwe jioni, muda ule mabasi ya Moshi na Arusha yanaingia kwa fujo na wauzaji wanayakimbilia madirishani. Mwite kijana yeyote, mwambie akutajie wasanii kumi wa Bongo Fleva. Atakutajia ishirini na chenji atakurudishia. Halafu muulize: afisa utamaduni wa wilaya yenu ni nani? Kimya. Na wengine watakuuliza, hivi hicho ni cheo kweli au unatania?

Cheo kipo, wadau. Tena kipo Korogwe, kipo Handeni, kipo kila halmashauri ya nchi hii. Ni mtu mwenye kazi ya kulea sanaa ya wilaya nzima, kuanzia ngoma ya bibi yako mpaka dogo anayerekodi studio ya chumba kimoja. Na kazi hiyo ina historia tamu sana, ila ni historia ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tuanzie mlimani. Vugiri iko juu kwenye milima ya Usambara, humo humo wilaya ya Korogwe. Leo ukitaja Vugiri mtu anawaza chai na baridi. Lakini mwaka 1935 pale ndipo palipowekwa makao makuu ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa nchi hizi zote za jirani. Siyo Dar, siyo Nairobi. Vugiri! Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kutumia sinema kuwaelimisha Waafrika. Hela kubwa ilitoka Marekani, kwenye shirika la Carnegie, na wasimamizi walikuwa Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Huyo Notcutt aliwahi kusimamia shamba la mkonge huku Afrika Mashariki, na wazo la sinema lilimjia huko huko shambani: alifikiri vibarua wakipata burudani watatulia na kazi. Yaani sinema yetu imezaliwa kwa hesabu za msimamizi wa mkonge anayetaka watu wake wasitoroke. Hiyo ifikirie kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Kati ya 1935 na 1937 walipiga filamu 35. Zilikuwa za mkanda mdogo wa milimita 16, na sauti haikuwa ndani ya mkanda, iliwekwa kwenye santuri pembeni. Picha inakwenda, santuri inazunguka, na mtu anahakikisha vitu hivyo viwili vinaendana. Mambo yenyewe yalikuwa ya kodi, minyoo, kilimo, chai, kuweka akiba posta, kijana aliyekwenda mjini na yaliyomkuta. Kisha lori likapakiwa projekta, jenereta na pazia jeupe, likaondoka kwenda kuonyesha vijijini usiku: Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka kule ambako leo ni Malawi na Zambia.

Sasa swali. Kwenye zile santuri nani alikuwa anaongea Kiswahili? Nani aliigiza? Nani alisimama mbele ya watu elfu moja wa kijijini ambao hawajawahi kuona picha inayotembea, akawaambia tulieni, hiyo treni haitawakanyaga? Walikuwa Waafrika, vijana waliofundishwa kazi pale pale mlimani, kusafisha mikanda, kuendesha mitambo, kusimulia, kuigiza. Mradi ulipoisha mwaka 1937 Notcutt na Latham walitoa kitabu chao na majina yao yamo kwenye historia ya sinema duniani. Wale vijana wa Vugiri walishuka mlimani wakarudi kwenye maisha yao.

Mradi ulikufa kwa sababu hela ya Marekani iliisha na serikali za kikoloni hazikutaka kuulipia. Ukishajua hilo, mengi yatakayofuata kwenye stori hii hayatakushangaza.

Kuna kitu kingine Vugiri walituachia na bado tunacho. Filamu nyingi za aina ile zilijengwa hivi: kuna mtu mwerevu na kuna mtu mjinga. Mwerevu anachimba choo, anakwenda hospitali, anaweka akiba. Mjinga hafanyi hayo, anaumbuka. Mwisho wa filamu. Sasa kumbuka lile igizo la afya ulilolazimishwa kuangalia shuleni, au lile la kikundi cha sanaa siku ya uzinduzi wa mradi wa maji. Ni lile lile! Karibu miaka 90 imepita na bado msanii wa wilayani akipewa hela na mradi anaambiwa aigize mwerevu na mjinga. Ndiyo maana watu wanaondoka kabla halijaisha.

MANAMBA NA JUMAPILI ZAO

Tushuke sasa bondeni. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, enzi ya Mjerumani, na mkonge ukatandazwa kulia na kushoto. Ngombezi, Magunga, Mnyuzi, Hale, ukipita na basi leo bado unaona mistari. Kazi ya mkonge wenyeji wengi hawakuitaka, kwa hiyo watu wakaletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kuwatafuta na kuwasafirisha, ikiitwa SILABU.

Jina lako linageuka namba. Lakini Jumapili hugeuki namba. Jumapili kila kabila kambini linapiga ngoma yake, na hapo ndipo sanaa ya Korogwe ilipochanganyika kuliko mji wowote mdogo unaoujua. Kikundi cha ngoma kilikuwa na kiongozi, mtunza hazina, watu wa kugawa zamu, na mara nyingi wenye vyeo vya kujipa wenyewe, mambo ya kingi na gavana kama walivyofanya wacheza beni. Mwenzenu akiugua, kikundi kinachanga. Akifa mbali na kwao, kikundi kinazika. Yule kiongozi wa ngoma alikuwa meneja, mfadhili, katibu na mchungaji kwa wakati mmoja. Leo tungemwita mkurugenzi wa sanaa na angekuwa na kadi ya biashara.

Na siyo ngoma tu. Dansi la Tanga lina mizizi humo humo. Jamhuri Jazz, ile bendi iliyotikisa Afrika Mashariki miaka ya 60, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Jina lenyewe linakwambia watu wa bara walivyokuja pwani na kilichotokea.

Wenyeji nao walikuwa na yao. Wasambaa na mdumange, Wazigua wa Handeni na ukala, ngoma ya wawindaji, na kazi ya kutunza mambo haya kwa maandishi nayo ilianzia karibu kabisa. Mazinde, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, ndiko alikokaa mtawala Semboja, mtoto wa Kimweri mkubwa wa Usambara. Karani wake alikuwa Abdallah bin Hemedi, na huyo karani ndiye aliyekuja kuandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, akisimulia Mbegha mwindaji alivyotoka Nguu na kizazi chake kikatawala Usambara. Huyu angalau jina lake tunalo. Lakini waliomsimulia zile habari, wazee wa baraza waliokuwa wanajua nani kamzaa nani, wao waliishia kuwa sauti tu ndani ya kitabu cha mtu mwingine.

SERIKALI INAINGIA ULINGONI

Uhuru ukaja. Desemba 1962 Tanganyika inakuwa jamhuri, na Rais Nyerere anaunda wizara mpya kabisa ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, waziri wake wa kwanza Lawi Sijaona. Hotuba ya Nyerere ya siku zile inajulikana: alisema utamaduni ndiyo roho ya taifa, na kwamba mkoloni alitufundisha kuimba nyimbo za kwao tukaona aibu za kwetu. Na jambo la kuchekesha kidogo, Waziri Mkuu aliyekuwepo mwaka huo huo, Rashidi Kawawa, alikuwa muigizaji! Ndiyo, Kawawa aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 50. Wanaosema wasanii waache siasa wafikirie hilo.

Basi kukawa na maafisa utamaduni, wakashushwa mikoani na wilayani. Wengi walikuwa walimu. Ilikuwa na mantiki: mwalimu anajua kusimamisha kwaya, anajua kuandika ripoti, na Korogwe kulikuwa na chuo cha ualimu pale pale. Miaka ile kazi ilikuwa na moto wake. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kila kijiji kilitakiwa kiwe na ngoma, kwaya na ngonjera za kueleza ujamaa. Kulikuwa na mashindano, kata inashindana na kata, wilaya na wilaya, washindi wanapanda mkoani, kisha taifa. Handeni ilikuwa na vijiji vingi vipya, watu wanahamishwa wanakutana na majirani wasiowajua, na afisa anatakiwa awatoe humo kikundi kimoja cha ngoma.

Lakini pima kazi yenyewe. Ngoma ya mavuno inayochezwa usiku mzima ilikatwa ikawa ya dakika kumi, kwa sababu mgeni rasmi ana ratiba. Maneno yalibadilishwa yakawa ya kusifu chama. Wapo maafisa waliopigania ngoma za watu wao zisikatwe vipande, na wapo waliokata wenyewe kwa mkasi ili wapandishwe cheo. Wote wawili walikuwepo na tuache kujidanganya kwamba zamani kila kitu kilikuwa safi.

Halafu ofisi yenyewe ikaanza kuhamahama. Hapa vuta pumzi. Miaka miwili tu baada ya kuzaliwa, utamaduni ukaunganishwa na maendeleo ya jamii. Baadaye ukapelekwa elimu, ukarudishwa na vijana, ukawekwa na habari. Miaka ya 90 ilikuwa Wizara ya Elimu na Utamaduni. 2006 ikawa Habari, Utamaduni na Michezo. 2010 vijana wakaongezwa. 2015 sanaa ikapata kutajwa kwenye jina. 2022 habari ikatolewa. Kila jina linapobadilika, barua za wilayani zinabadilika kichwa, mihuri inachongwa upya, na faili la kikundi cha ngoma cha Sindeni linahamishiwa kabati jingine. Afisa aliyeajiriwa kijana akastaafu mzee ameandika barua kwa wizara zenye majina saba na kiti ni kile kile.

Wakati huo sheria nazo zilikuwa zinaongezeka. Mwaka 1974 lilianzishwa Baraza la Muziki, BAMUTA. 1976 ikaja sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, na filamu zikawa na bodi mpaka wilayani. Mwaka 1984 ikatungwa sheria iliyozaa BASATA, ikameza BAMUTA. Ukizisoma zote kwa pamoja unaona kitu: kila sheria ilimpa afisa wa wilaya mamlaka ya kukagua, kusajili, kuruhusu na kukataza. Hakuna iliyomuwekea fungu la kununua hata ngozi ya ngoma.

Na hapo ndipo kazi ilipogeuka. Mtu aliyeletwa kulea sanaa akawa mtu wa vibali. Unataka kupiga muziki ukumbini Mkata? Kibali. Mnataka kufanya kigodoro Manundu? Kibali, na siku hizi jibu ni hapana. Bendi inataka kusajiliwa? Lete katiba ya kikundi, barua ya mtendaji, ada. Kijana wa Handeni akimuona afisa utamaduni anamuona kama trafiki wa muziki, na tusimlaumu, kwa sababu hajawahi kukutana naye kwa jambo jingine.

Ila mgeukie na yeye afisa. Fungu lake kwenye bajeti ni matumizi mengineyo, na mengineyo ikikatwa anaanza kukatwa yeye. Pikipiki anaazima idara nyingine. Mwenge wa Uhuru ukikaribia mpaka wa wilaya ndipo simu yake inapoita kutwa nzima: ngoma iko wapi, kwaya iko wapi, watoto wa halaiki wamevaa nini? Mwenge ukivuka kwenda wilaya ya pili, simu inanyamaza mpaka mwakani. Mashindano ya shule yakifika anageuka mtu wa michezo, anahesabu jezi. Vikundi vya ngoma alivyoviita kwa Mwenge vinamdai nauli, na mara nyingi anailipa kutoka mfukoni kwa sababu yeye ndiye watakayekutana naye gulioni.

Hela zipo lakini ziko chumba cha pili. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nani anaisimamia? Maendeleo ya jamii. Kwa hiyo kikundi cha bodaboda kinajua mlango wa kugonga, kikundi cha kufuga kuku kinajua, na kikundi cha sanaa kinakwenda kwa afisa utamaduni ambaye hana hela, anakielekeza kwa mwenye hela ambaye hajui studio ni nini na anauliza, hivi muziki nao ni mradi? Mfuko wa Utamaduni upo tangu 1998, sawa, ila jaribu kujaza fomu zake ukiwa Kwamsisi.

MWANAMKE WA MTO JUBA

Sasa Handeni ina stori moja ambayo ingekuwa ya nchi nyingine ingeshatengenezewa filamu tano. Miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua. Watu wengi wakatoka kwenda pwani kutafuta chakula, wakaishia kuuzwa utumwani, majahazi yakawapeleka mpaka Somalia. Huko wengine walitoroka mashamba ya mabwana zao wakaenda kujificha kwenye misitu ya mto Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha, aliyekuwa na uwezo wa kutabiri. Walitaka kurudi kwao Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Wakabaki pale, wakalima, wakazaa, zaidi ya miaka 150.

Na Kizigua hawakukiacha. Hakukuwa na wizara, hakukuwa na BASATA, hakukuwa na sera. Kulikuwa na kina mama, ngoma zao, na mambo ya kuwafunda watoto wa kike, basi. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 wajukuu wa wajukuu wao wakakimbia, na wengi wakaja wapi? Handeni. Kwanza kambi ya Mkuyu, kisha kuanzia 2003 wakapewa makazi Chogo, na baadaye wengi wakapata uraia wa Tanzania. Walifika wakiongea, na mwenyeji wa Handeni akasikia maneno ya bibi yake yakitoka mdomoni mwa mtu aliyezaliwa Somalia.

Wale kina mama wa Juba walifanya kazi ya afisa utamaduni vizuri kuliko ofisi yoyote ya utamaduni nchi hii, na wafanye hivyo wakiwa watumwa, kisha watoro, kisha wakimbizi. Tofauti inayoonekana ni kwamba wao hawakuwa wanaomba ngoma kibali. Ngoma ilikuwa ndiyo shule, ndiyo kitambulisho, ndiyo njia ya kujua huyu ni wetu au siyo wetu. Mtu akipiga vibaya alirekebishwa palepale.

Leo Chogo iko ndani ya wilaya ya Handeni. Wazee waliokuja wakiwa watu wazima mwaka 1991 wanazidi kupungua kila mwaka. Kurekodi nyimbo zao kunahitaji simu yenye chaji, pikipiki yenye mafuta na mtu anayejua kuuliza. Simu madogo wa Chanika wanazo na wanazitumia kutwa kurekodi vichekesho vya sekunde thelathini. Mafuta ndiyo ule wimbo wa matumizi mengineyo.

Kuhusu zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu. Moja ya mafunzo ya mifugo, moja ya minyoo, moja ya wakulima wa Kingolwira. Zimetunzwa kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza, chumba chenye baridi, namba kwenye kila boksi.